Sura ya Sita: Kazi Hubadilika Ukiwa Ndani

Katika mitaa ya Biryogo na Nyamirambo ya Kigali, mji ulioanzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, Kiswahili kimezungumzwa kwa miaka mingi, na kuna swali linalorudi kila kizazi. Kijana wetu ameitwa kazini, mshahara ni mnono, lakini kazi yenyewe inagombana na yale tuliyomlea nayo. Aende au asiende?

Kwa wazee wa huku, swali hilo halikuanza na kampuni za bia wala vibanda vya kamari. Lilianza shuleni. Zama za Wabelgiji, elimu ilikuwa mikononi mwa misheni, na njia ya kuufikia ukarani, ualimu au kazi ya ofisini ilipitia kwa padri. Shule kubwa ya Astrida, mji unaoitwa sasa Huye, ilifunguliwa na mabruda wa Kikatoliki mwaka 1929, nayo ndiyo iliyotoa maofisa wenyeji wa serikali ya kikoloni. Mtoto wa Kiislamu aliyetaka dawati mara nyingi alitakiwa abatizwe kwanza. Wazazi wengi walikataa katakata. Wana wao wakawa madereva, mafundi cherehani, wachuuzi na makanika, wakaishi katika kambi za Waswahili zilizotengwa na sehemu nyingine za mji. Wengine walikubali, na mtoto akawa na jina la nyumbani na jina la shuleni.

Sioni wa kumlaumu kati ya makundi hayo mawili. Waliokataa walilinda kitu cha thamani, na gharama yake ikalipwa na wajukuu ambao hawakuwahi kuulizwa. Waliokubali walipata kalamu na mshahara, wakabeba maisha yote uzito wa kuitwa kwa jina ambalo mama hakuwapa. Nimeianza sura hii na historia hiyo kwa sababu leo watu wa Kigali huzungumzia kazi isiyoendana na dhamiri kana kwamba ni tatizo la vijana wa siku hizi, wapenda pesa. Si kweli. Ni swali la zamani, na limewahi kuwagawa watu waliokula sahani moja.

Tulichukue katika sura yake ya leo. Kijana amesomea uhasibu, amezunguka na bahasha ya vyeti kwa muda mrefu, kisha kampuni ya bia inamwita. Yeye ni Mwislamu, au ni wa kanisa la Kipentekoste la ADEPR ambalo nalo halitaki pombe. Hatapika bia, hataionja, hatamuuzia mtu. Ataketi mezani na kompyuta, aingize ankara. Kuna tatizo gani?

Wazee wa Biryogo wana jibu lenye kina kuliko wanavyodhaniwa. Hadithi ya Mtume kuhusu pombe inawataja watu kumi: kuanzia anayekamua hadi anayebeba, anayebebewa, anayeuza, anayenunua, na yule anayekula thamani yake. Mhasibu hatajwi. Lakini katika hadithi ya riba, mwandishi wa mkataba anatajwa waziwazi, pamoja na mashahidi wawili. Nimelitafakari sana jambo hili. Karne nyingi kabla ya ofisi zenye viyoyozi, kulikuwa na watu walioona kwamba mwenye kalamu naye yumo kazini, hata kama mikono yake haina unga wala damu. Ndiyo maana jibu la "mimi naandika tu hesabu" haliwaridhishi, na mimi haliniridhishi.

Hata hivyo, mhasibu na keshia hawako mahali pamoja. Chukua binti anayekaa nyuma ya dirisha la duka la kamari. Mbele yake anasimama mwanamume anayemfahamu kwa sura, anahesabu noti za elfu moja moja, tatu. Kwa miaka mingi hizo elfu tatu ndizo ambazo kaya nyingi za Rwanda zimelipa kwa mwaka, kwa kila mtu, ili wapate mituweli, bima ya afya. Binti anapokea, anachapa tiketi, anairudisha chini ya kioo. Jumamosi ijayo mwanamume yuleyule anarudi, viatu vilevile, safari hii na elfu tano. Mhasibu wa makao makuu atayaona mapato ya tawi yakipanda, basi. Binti ameuona uso. Kwa hiyo mara nyingi anayelipwa kidogo ndiye anayelala na picha, na anayelipwa sana ndiye aliye mbali na madhara. Ukipewa mshahara mkubwa, sehemu ya unachopewa ni huo umbali.

Sasa niseme ninachokiamini. Tunaipima kazi mahali pasipotosha: mlangoni. Tunauliza kama ni halali au haramu, safi au chafu, tunashauriana na imamu au mchungaji, tunaamua, tunaingia au tunarudi nyumbani. Baada ya hapo hakuna anayeuliza tena. Na kazi, kwa desturi yake, hubadilika mtu akiwa ndani.

Kigali ina ushahidi wa jambo hilo ambao hauna mfano mwingine duniani, na lazima niuseme kwa uangalifu. Siifananishi kazi ya bia na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Hakuna kazi ya kawaida inayofanana nayo. Lakini anayetaka kujua jinsi mtu wa ofisi anavyoweza kuingia kazini akiwa mtu na kutoka akiwa kitu kingine, hawezi kuipita Redio RTLM.

Waanzilishi wake walitia saini katiba ya kampuni tarehe 8 Aprili 1993, na tarehe 8 Julai mwaka huo ikaanza kurusha matangazo kutoka Kigali. Redio ya taifa ilikuwa ngumu, ya hotuba na taarifa za viongozi. Hii mpya ilipiga muziki wa Zaire, ilitania, ilipokea simu za wasikilizaji, iliingia vilabuni kuzungumza na watu. Vijana waliipenda mara moja. Gaspard Gahigi, mhariri wake mkuu, alikuwa ametoka redio ya taifa. Noël Hitimana naye alitoka huko, sauti iliyokwisha kuzoeleka majumbani. Akawapo Kantano Habimana, mcheshi wa kipaza sauti, na Valérie Bemeriki. Kwa mwanahabari wa wakati ule, kuhamia kituo kipya, cha binafsi, kinachopendwa na vijana, kulikuwa ni kupanda ngazi.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa siku ya kwanza kwamba atasoma majina ya watu wa kuwindwa. Kazi iliteremka polepole. Kwanza utani kuhusu kabila. Halafu tetesi zinazosomwa kama habari. Halafu jina la mtu mmoja, akiitwa msaliti. Kila wiki ilikuwa mbaya kidogo kuliko iliyotangulia, na tofauti kati ya wiki mbili zinazofuatana ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu aliweza kujiambia hakuna kilichobadilika. Ilipofika Aprili 1994, watangazaji walewale, kwa sauti zilezile za uchangamfu, walitaja watu na mahali walipojificha.

Wanaosema kwamba haikujulikana redio hiyo inaelekea wapi wanadanganya. Miongoni mwa waanzilishi alikuwamo Jean-Bosco Barayagwiza wa chama cha CDR, chama kilichotangaza chuki yake hadharani. Alikuwamo Ferdinand Nahimana, mwanahistoria aliyekuwa mkuu wa shirika la habari la serikali mwezi Machi 1992, redio ya taifa iliposoma tangazo la uongo kwamba Watutsi wanapanga kuwaua viongozi wa Kihutu. Mauaji ya Bugesera yakafuata, naye akaondolewa katika cheo hicho. Mtu aliyefanya kazi ya habari Kigali alizijua sura hizo. Ishara zilikuwa mlangoni na zikaendelea kuwa ndani, kila siku, kwa miezi tisa.

Na hakuna mfano unaonisumbua kama wa Georges Ruggiu. Alikuwa Mbelgiji, mtu wa kazi za ustawi wa jamii kwao. Hakuzaliwa na chuki ya Rwanda, hakuwa na shamba wala ukoo wa kugombania. Alihamia Kigali mwishoni mwa 1993, akaingia RTLM Januari 1994, na miezi michache baadaye alikuwa anachochea mauaji kwa Kifaransa hewani. Alikamatwa Mombasa mwaka 1997. Mwaka 2000, mbele ya mahakama ya kimataifa pale Arusha, alikiri makosa yake na kufungwa miaka 12. Majaji wa Arusha walitoa hukumu ya kesi nyingine, ile ya vyombo vya habari iliyowakabili Nahimana na Barayagwiza, tarehe 3 Desemba 2003, na hoja iliyobaki katika sheria za dunia ni kwamba maneno ya kipaza sauti nayo ni tendo. Kwa lugha ya sura hii: mwenye kalamu yumo.

Wakati huohuo kulikuwa na mwingine aliyefanya kinyume. Thomas Kamilindi alifanya kazi redio ya taifa kwa miaka mingi. Ilikuwa kazi ya serikali, yenye heshima na uhakika, katika nchi ambayo ajira za namna hiyo zilihesabika. Aliiacha muda si mrefu kabla ya Aprili 1994, kwa sababu hakukubaliana na mwelekeo wake. Mauaji yalipoanza alikimbilia Hôtel des Mille Collines, na kutoka hapo, kwa simu, akaiambia redio ya Ufaransa kinachotokea Kigali. Baada ya hapo askari alitumwa kumuua. Askari huyo alikuwa rafiki yake wa utotoni, na hakumuua. Baadaye Kamilindi alisimama Arusha kutoa ushahidi katika kesi hiyohiyo ya vyombo vya habari.

Watu wakisimulia habari zake huishia kwenye ushujaa wa hotelini. Mimi huvutwa zaidi na ile siku ya kawaida, isiyo na askari wala risasi, alipoondoka kazini. Hakuna aliyemshangilia. Ukoo wa mtu anayeacha kazi ya serikali humwona amerukwa na akili. Na siku ile hakuweza kujua yatakayokuja. Alijua tu kazi aliyokuwa nayo haikuwa tena kazi aliyoianza.

Nimesema sitaifananisha bia na mauaji, lakini kuna jambo moja la Gisenyi ambalo ni halali kulitaja hapa. Kiwanda cha bia cha Bralirwa kilianzishwa huko mwaka 1957, kando ya Ziwa Kivu, na kwa miongo kadhaa kilikuwa miongoni mwa waajiri wakubwa wa nchi. Mwandishi wa Kiholanzi Olivier van Beemen, katika kitabu chake kuhusu Heineken, mmiliki mkuu wa Bralirwa, barani Afrika, ameeleza kwamba kiwanda hicho kiliendelea kupika bia katika miezi ya mauaji ya 1994, na bia hiyo ikawafikia wauaji. Mfanyakazi wa mtambo wa kujaza chupa hakuwa amebadili kazi. Alifanya mwezi Mei kile alichokifanya mwezi Februari. Kilichobadilika kilikuwa mikono iliyokuwa ikipokea kreti upande wa pili wa lango. Hii ndiyo sura ya pili ya tatizo letu, na ni ngumu kuliko ile ya redioni: kazi inaweza kubadilika hata kama wewe hufanyi kitu chochote tofauti.

Turudi leo. Wizara ya Afya imetangaza kwamba Wanyarwanda wanaokunywa pombe walipanda kutoka asilimia 41.2 mwaka 2013 hadi asilimia 48.1 mwaka 2022, na serikali imeanzisha kampeni ya kuwasihi watu wapunguze, TunyweLess. Tangu Septemba 2023 baa zimewekewa saa za kufunga. Serikali hiyohiyo hukusanya kodi ya bia, na fedha hizo zinajenga barabara ambazo mchungaji na imamu wanazipita. Nasema hivi kwa kuwa wako watu Kigali wanaomhukumu mhasibu wa kiwanda cha bia huku ada za watoto wao zinalipwa na mkwe aliyeko kiwandani humo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mbaya zaidi ni mwenye shibe anayemhukumu aliyemshibisha. Ikiwa ukoo mzima umekula mshahara, ukoo mzima uko mezani siku ya kujadili kama uendelee kuliwa.

Wala si kila mgongano unadai mtu aache kazi. Waadventista wa Rwanda hawafanyi kazi Jumamosi, na umuganda, kazi ya pamoja ya taifa, hufanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wao wamekubaliwa kuifanya Jumapili. Serikali yenye msimamo mkali kuhusu umuganda imeona nafasi ya kusogea, na mwajiri wa kawaida naye husogea mara nyingi kuliko tunavyodhani, akiombwa mapema na kwa adabu. Tatizo ni kwamba watu huomba wakiwa wamekwisha kukasirika, au hawaombi kabisa, wananung'unika chooni.

Lakini kuna pale ambapo hakuna kusogea, na hapo ndipo huonekana kama mtu alijiandaa. Tuiangalie karatasi ya mshahara kwa karibu, maana humo ndimo uhuru unamopotelea. Tuseme mshahara ghafi ni faranga 1,000,000 kwa mwezi. Kodi ya mapato haikatwi kwenye 60,000 za kwanza. 40,000 zinazofuata hukatwa asilimia 10. 100,000 baada ya hapo, asilimia 20. Na kila faranga inayozidi 200,000, asilimia 30. Jumla ya kodi ni 264,000. Pensheni ya RSSB, shirika la hifadhi ya jamii, tangu Januari 2025, inachukua asilimia 6 upande wa mfanyakazi, yaani 60,000. Ondoa na makato madogo ya uzazi na ya kuchangia bima ya afya ya jamii. Mkononi zinabaki takriban 670,000.

Hadi hapo mtu bado yuko huru. Halafu anakwenda benki. Kwa barua ya mwajiri na mikataba miwili ya kurasa nyingi, anapata mkopo wa gari au wa kiwanja kule Kanombe, na marejesho, tuseme 300,000, yanakatwa kabla hajauona mshahara. Zinabaki 370,000. Kodi ya nyumba iko humo, ada ya shule iko humo, mama kule kijijini yumo, mchango wa kila wiki wa ikimina, chama cha kuweka akiba, umo, michango ya harusi ambayo Kigali haina msimu nayo imo. Mtu huyu sasa hawezi kukosa mshahara wa mwezi mmoja. Siku bosi atakapomwambia abadilishe tarehe kwenye ripoti, atabadilisha. Siku atakapoambiwa atie saini mahali ambapo hakuwapo, atatia. Atajiambia ana dhamiri dhaifu, kumbe ana deni.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wahubiri wa pande zote mbili. Wao huzungumzia ujasiri, mimi nazungumzia miezi. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inamtaka mfanyakazi aliyemaliza mwaka mmoja au zaidi atoe notisi ya mwezi mmoja. Aliye chini ya mwaka, siku 15. Muda wa majaribio kwa kawaida hauzidi miezi mitatu. Kwa hiyo kutoka hakuzuiwi na sheria. Kinachozuia ni kile kipindi kati ya mshahara wa mwisho na mshahara mwingine, na kipindi hicho hununuliwa mapema, kwa fedha taslimu, wakati kazi bado ni tamu na hakuna anayefikiria kuiacha.

Ningemwambia basi yule kijana wa uhasibu, ikiwa ameshauriana na wake na ameamua kuingia, kwamba aifanye miezi mitatu ya majaribio iwe ya majaribio kwake pia. Aishi kwa ile pesa aliyokuwa akiishi nayo kabla. Tofauti yote aiweke mahali ambapo benki iliyomkopesha haifiki, mpaka iwe gharama ya nyumba yake kwa miezi sita. Mkopo wa gari usubiri. Kisha aandike, kwa mkono wake, mambo mawili au matatu ambayo hatayafanya, na si kwa lugha ya jumla kama "sitaacha maadili yangu," kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kugundua siku ileile kwamba anayaacha. Aandike vitu vinavyoonekana: sitatia saini stoo ambayo sijaihesabu. Sitaandaa tangazo la pombe linalolenga wanafunzi. Sitamdanganya mkaguzi. Karatasi hiyo amwonyeshe mtu mmoja mwenye ruhusa ya kumuuliza kila mwaka, na mtu huyo asiwe anayekula mshahara huo.

Watangazaji wa RTLM hawakuwa na mtu wa namna hiyo, au walikuwa naye wakaacha kumpigia simu. Noël Hitimana alijeruhiwa vibaya studio iliposhambuliwa Aprili 1994, na baadaye akafia gerezani. Bemeriki alihukumiwa kifungo cha maisha na gacaca, mahakama ya kijamii ya kesi za mauaji hayo, mwaka 2009. Kila mmoja wao alipita, wakati fulani kati ya Julai na Aprili, katika wiki ambayo kuondoka kungemgharimu mshahara na marafiki tu. Wiki hiyo haikuja na tangazo.

Na nyumbani waambiwe. Hili ndilo gumu kuliko yote, maana tunaona aibu kumwambia mama, siku ya furaha yake, kwamba fedha hizi huenda zikakoma kwa hiari ya mtoto wake. Lakini mama wa Nyamirambo, aliyewaona wajomba zake wakikosa shule kwa kukataa kubatizwa, hahitaji kueleweshwa sana. Akijua tangu mwezi wa kwanza, atayanunua mabati ya nyumba mwezi wa tisa badala ya mwezi wa pili, na hatamkopea mtu yeyote kwa jina la mshahara wa mwanawe.